Pangaboi Lisiloyeyuka

Mmeniuliza sana, wenzangu wa kwaya, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akitaka nianze mwanzo: Elipendo, ulipotelea wapi hadi sauti ya pili ikabaki na mtu mmoja mwenye mafua? Nimechoka kusimulia mlangoni mwa kanisa huku nimeshika funguo. Basi naandika mara moja, msomeane. Barua za maombi, vibali na mihuri naziruka, kwa sababu hata mimi zilinichosha nikiwa ndani yake.

Kwa Mrombo, kabla ya kuondoka

Mama yangu anakaa juu ya Makumira, ng'ambo ya korongo. Shamba lake ni la mwisho kabisa kwenye mfereji. Maji yanatoka mlimani, yanapita shamba kwa shamba, kila kaya ina zamu yake, halafu yanavuka korongo kwenda kwa Mama na majirani zake wachache. Zamani yalivukia kwenye gogo lililochimbwa katikati. Gogo likaoza. Tukaweka bomba la chuma, likaibiwa likauzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tukaweka mabati yaliyokunjwa, nayo yakaibiwa, na safari hiyo waliondoka hata na misumari.

Baada ya hapo Mzee Kaanaeli, mwenyekiti wetu wa mfereji, alisimama akatamka: siku ya mfereji ijayo, ile ya kazi ya pamoja, ikifika na hakuna kivuko, zamu za ng'ambo zitagawiwa kwa watu wa upande wa juu. Hakusema kwa ubaya. Maji yanayomwagika korongoni hayamfai mtu yeyote. Lakini nilipopanda kumwona Mama nikamkuta anabeba ndoo kupeleka kwenye migomba, kwa umri ule, na majani ya kahawa yake yameanza kujikunja, nilishikwa na hasira ambayo haijaniisha hadi leo. Niliapa kwamba maji yatavuka.

Kazi yangu mnaijua. Naunda mapaa ya magari ya watalii kwa fiba, kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa gundi ya rezini, na watu wakiingia karakanani bado huniuliza fundi yuko wapi, huku nimeshika brashi. Fiba naifahamu tabia yake. Chuma kinayeyuka, chupa inayeyuka, hata ndoo ya plastiki iliyopasuka inayeyuka ikawa ndoo nyingine. Fiba ikishakauka, imekauka. Ukiichoma inatoa moshi mchafu na kuacha nyuzi zinazowasha. Nyuma ya karakana yangu hapa Kwa Mrombo, Arusha, kuna rundo la vipande vidogo vidogo ambavyo hata wanunuzi wa chakavu huvipita bila kugeuza shingo. Asubuhi moja niliwaona wakilipita rundo lile, nikasimama hapo hapo. Kumbe kivuko cha Mama kinatakiwa kiwe cha kitu ambacho mwizi hakitaki.

Dereva mmoja wa watalii ndiye aliyenipa habari. Alisema kwenye kilima kimoja kupita Katesh kuna mtambo mdogo wa umeme wa upepo uliowekwa kwa majaribio, umebadilishwa mapangaboi, na yale matatu ya zamani, marefu na ya fiba tupu, yamelala kwenye majani. Wenyewe walitangaza kwamba yatarejelezwa yote, yageuzwe vitu vingine. Yalikuwa bado yanasubiri kurejelezwa.

Kwa Mrombo hadi Kisongo, ambako ni karibu

Mwenye lori aliitwa Mzee Lomayani, Mwarusha wa Kisongo, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu ambayo haivui hata jua likiwaka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita mama fundi, na tangu hapo hakuniita jina lingine.

Tulitoka mapema kwa nia ya kulala Babati. Tulipofika Kisongo akasema anapitia nyumbani kuchukua koti. Kumbe ilikuwa siku ya mnada. Koti lilichukuliwa haraka sana, ila kati ya koti na lori kulikuwa na mbuzi, na kila mbuzi alikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa shemeji yake Lomayani au alisali naye. Nilikaa ndani ya lori nikihesabu mapaa ya magari ambayo ningekuwa nimeyamaliza.

"Mzee, safari," nikamwambia aliporudi na harufu ya nyama choma.

"Mama fundi, mtu akipita mnada wa kwao bila kusimama, watasema amefilisika. Shika huu ubavu, nimekuletea."

Ubavu ulikuwa mtamu, nikanyamaza. Jua lilikuwa limeshapanda tulipoiacha Kisongo nyuma yetu.

Hadi Magugu

Baada ya Makuyuni nchi inafunguka, barabara inanyooka, na mtu anapata nafasi ya kuulizwa maswali. Lomayani alitaka kujua kwa nini tunafuata kitu kilichotupwa.

"Wamesema kinarejelezwa. Sasa wewe unakwenda kukichukua. Kwa hiyo hakirejelezwi?"

"Ndiyo nataka kujua."

"Na kama kinarejelezwa kweli?"

"Basi wataiba na hicho," nikamjibu. Akacheka hadi lori likayumba.

Magugu tulikula wali wa palepale, ule unaonukia kabla sahani haijatua mezani, na maharage mazito. Mama mwenye kibanda alisikia mazungumzo yetu akatung'ang'ania kweli kweli. Alidhani tunapeleka kitu kiwandani kikageuzwe mabeseni, akataka tumwekee matano, mawili yawe na vifuniko. Nilijaribu kumweleza kwamba fiba haigeuki beseni. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, siku hizi kila kitu kinageuka," alisema, akaniongezea wali kama mtu anayemlisha mgonjwa. Hadi tunaondoka alikuwa bado anatukumbusha rangi anazopenda.

Babati tulifika giza limeingia, tukala samaki wa ziwani, tukalala.

Kilimani

Upepo wa Katesh hauna adabu. Nilishuka kwenye lori kilemba kikaruka, nikakimbizana nacho kwenye majani mbele ya Injinia aliyekuja kunipokea. Alikuwa kijana mpole, na alikuwa na haya juu ya yale mapangaboi kama mwenye nyumba aliyekutwa hajafagia.

Nilimuuliza swali moja kwa moja: haya yanarejelezwa au hayarejelezwi?

"Mama, nikujibu kiofisi au kweli?"

"Nimetoka Arusha."

Akacheka. Kisha akaniambia kweli. Huko nchi za nje kwenye mitambo mingi wanayo mashine za kuyasaga, unga wake ukachanganywa kwenye vitu vingine. Wengine huyakatakata wakayalisha tanuri la saruji, yanaungua na majivu yake yanabaki ndani ya saruji. Wapo wanaotengeneza mapya kwa gundi ya aina nyingine, inayoweza kufumuliwa baadaye. "Lakini haya ni ya gundi ya zamani, na mapangaboi matatu hayawezi kusafirishwa mbali hivyo yakasagwe. Kwa hiyo kwa hapa, leo, jibu ni hapana. Yamelala." Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Hayakuwa yamelala bure, hata hivyo. Mama mmoja wa Kibarbaig, mwenye gauni la ngozi na bangili hadi kwenye kiwiko, alikuwa ameyainamisha mawili yakaegemeana, na chini yake walilala ndama wake. Aliposikia tumekuja kuchukua alisimama mbele yetu na fimbo. Mlinzi wa mtambo alitutafsiria. Mama yule alisema wenye mtambo waliyaacha, jua likawapata ndama, yeye akayatafutia kazi, na sasa yana mwenyewe. Nilimwambia mlinzi amweleze kwamba nami nina mama mwenye kahawa inayokauka. Alifikiri. Akauliza mama yangu ana ng'ombe wangapi. Nikasema mmoja. Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akatunyooshea fimbo kwenye pangaboi la tatu, lile la pembeni. Kisha akatupa maziwa mgando kwenye kibuyu, yana moshi kidogo, na siku ile sikuhitaji kitu kingine cha kula.

Lilikuwa na urefu wa mita tisa hivi, mviringo na nene upande wa shina, jembamba kwenye ncha, na wazi ndani. Nikaona pale pale mfereji wangu. Niliamua kulikata ganda la juu kwa urefu wote, libaki handaki la maji, na kupunguza uzito. Injinia alitupa umeme. Nikapiga mstari ulionyooka kwa kamba na chaki, nikafunga kitambaa puani, nikawasha grenda ya kukatia huku mlinzi akimwaga maji ili vumbi lisiruke likaingia kwenye malisho ya yule mama.

Lomayani alikuwa amesimama upande wa ncha, amefumba jicho moja. "Mama fundi, mbona limejipinda?"

"Ni jicho lako limejipinda. Shika kamba."

Tope la vumbi nililikusanya lote kwenye magunia. Ganda lililokatwa nalo nikasema lipande kwenye lori. Lomayani alinung'unika kwamba tumekuja kuchukua kitu kimoja na sasa tunarudi na takataka zake. Nikamwambia mimi siachi taka zangu kwenye nyasi za watu. Injinia aliuliza magunia yale nitayapeleka wapi. "Kwenye rundo langu," nikasema. Hakunicheka, wala mimi sikuona cha kuchekesha.

Kurudi, na Kisongo mara ya pili

Pangaboi lilitokeza nyuma ya lori, tukalifunga kitambaa chekundu na kwenda taratibu. Kila upepo ulipolipata lilivuma, sauti nene inayopanda na kushuka. Lomayani alisema linaimba besi. Nilimwambia kwaya yetu inahitaji.

Hatukupata shida hadi Kisongo, karibu na uwanja wa ndege. Hapo tulipunguza mwendo, na watu wakaona kitu kirefu, cheupe, kilichochongoka, kinatoka upande wa Babati juu ya lori. Mtu mmoja akapiga kelele: bawa la ndege! Kabla hatujasimama tulikuwa tumeshazungukwa. Wengine walivua kofia. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi na kuuliza kama wazungu wote wamekufa. Trafiki alikuja mbio, akauliza ndege imeanguka wapi na kwa nini mabaki yamehamishwa.

Nilishuka nikaeleza. Nikaonyesha karatasi zangu, ambazo nimeahidi kutozisema. Trafiki alielewa, akaligonga gonga, akatutakia safari njema. Lakini watu hawakuelewa hata kidogo. Walikuwa wameshapiga picha, na simu zilikuwa masikioni. Nilipanda lori nikijua kwamba habari ile itafika kwetu Meru kabla yangu. Jirani zetu wana ndugu Kisongo.

Makumira na kupanda juu

Ilifika. Tulipoacha lami Makumira na kuanza kupanda kwenye njia ya udongo mwekundu, niliona watu wamesimama kando ya migomba bila kupunga mkono. Korongoni tulimkuta Mzee Kaanaeli na watu wa mfereji, wamevaa makoti kama wa msibani. Mama alikuwa amesimama peke yake kidogo.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Elipendo, walikufa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa, Mzee. Si ndege. Ni pangaboi la mtambo wa umeme wa upepo."

"Tumeona picha," alisema mmoja.

Mzee Kaanaeli alinyoosha mkono kuwatuliza. "Mwanangu, sikatai kazi yako. Ila haya maji tunakunywa, tunabatizia, tunapikia wafiwa. Kitu kilichobeba wafu hakilazwi kwenye mfereji. Hilo hata baba yako angekwambia."

Nimekwenda hadi Katesh, nimegombana na upepo, na sasa kesho ni siku ya mfereji na kazi inakufa kwa sababu ya picha. Nilianza kueleza tena kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa mbele ya wazee. Lomayani alisema yeye mwenyewe amelikuta limelala chini ya jua la Mungu, hakuna kiti wala dirisha. Walimsikiliza kwa heshima na hawakumwamini, maana ni dereva wangu.

Mama aliondoka. Nilidhani amekwenda kulia. Alirudi na ndoo, sabuni na brashi ya kufulia, akapanda kwenye lori kwa msaada wa bega la Lomayani, akaanza kulisugua pangaboi kutoka shina hadi ncha. Hakuharakisha. Alipomaliza kulisuuza alituma sufuria yake ya loshoro iletwe, ile ya mahindi na ndizi na maziwa yaliyoganda, akaketi humo ndani ya pangaboi kama mtu aliye kwenye kochi, akaanza kula.

"Yeyo," Lomayani alimwita, kama kwao wanavyomwita mama, "hata kutukaribisha?"

"Karibuni," Mama alisema. "Mzee Kaanaeli, panda. Kama humu kuna mfu, basi ndiye wa kwanza kunyamaza huku nimemkalia nikila."

Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili. Mzee Kaanaeli alijizuia kwa muda, akashindwa, akapanda. Walikula wote wawili humo. Nilisimama chini nikiwaangalia na sikuona aibu kufuta machozi.

Siku ya mfereji

Asubuhi walikuja watu wa pande zote mbili, kama desturi, maana asiyekuja siku ya mfereji hupoteza zamu yake. Walilibeba pangaboi kwa mabega na kamba, wakalilaza juu ya korongo kwenye nguzo mbili za mawe zilizobaki tangu wakati wa bomba. Lilikaa vizuri sana. Nikafungua mdomo kujisifu.

Kwetu, mfereji ukitengenezwa, zamu ya kwanza ni ya shamba la mwisho, ili maji yapite urefu wote na kila mtu aone panapovuja. Kwa hiyo maji ya kwanza yalikuwa ya Mama. Yalifunguliwa juu, yakaja na majani yake na povu, yakaingia kwenye pangaboi, yakafika katikati, yakaanza kumwagika korongoni upande wa kushoto kama sufuria iliyoinamishwa. Ng'ambo hayakufika kitu.

Lomayani alikuja karibu nami, akafumba jicho moja.

"Usiseme," nikamwambia.

"Sijasema, mama fundi."

Pangaboi huundwa likiwa limejipinda kutoka shina hadi ncha. Ndivyo linavyoshika upepo. Mimi nilikuwa nimelikata kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kadiri lilivyokwenda, ukingo mmoja ulishuka. Mzee Kaanaeli aliangalia jua, akasema kwa upole kwamba siku ya mfereji inaisha watu wakienda nyumbani. Nikamwambia basi wasiende nyumbani.

Nilimtuma Lomayani karakanani kuleta rezini, kitambaa cha fiba na jenereta. Ganda alilolinung'unikia njia nzima ndilo tulilolipasua vipande virefu. Nikavipima pale maji yalipomwagikia, nikavisimamisha juu ya ukingo ule ulioshuka, nikaviunga kwa kitambaa na rezini, safu juu ya safu. Ndiyo kazi yangu hiyo, siku zote, kwenye mapaa ya magari. Wanawake waliwasha moto wakapika chai na viazi, wanaume wakaimarisha nguzo, na hakuna aliyeondoka. Rezini ilikauka upesi kwa jua la Mungu. Jioni tukafungua tena.

Maji yaliingia, yakafika katikati, yakapanda kwenye ukingo mpya, yakatafuta pa kutokea, yakakosa. Yakavuka. Mama alikuwa ameshatangulia shambani na jembe. Tulimsikia kabla hatujamwona, anaimba peke yake kwa sauti ya kwanza, nje kabisa ya ufunguo.

Tangu hapo

Sasa swali mnaloniuliza kila mara. Linarejelezwa au halirejelezwi? Yale magunia ya tope yako nyuma ya karakana yangu pamoja na rundo la zamani, nimeyafunika, na sijui nitayafanyia nini. Siku pangaboi lenyewe litakapochoka, huenda mtu atakuja na mashine ya kulisaga, huenda hatakuja. Sitawadanganya. Nilichokifanya mimi ni kulipatia kazi ya pili.

Juzi nilipanda kumwona Mama. Tulikaa ukingoni mwa korongo tukimenya ndizi, akatokea mtu mzima mwenye gunia begani na sumaku kwenye kamba. Alimwamkia Mama vizuri, akauliza kama tuna chuma chakavu. Mama akamwambia hakuna. Lakini macho ya mtu yule yalikuwa kwenye kivuko. Akateremka, akaipachika sumaku ubavuni mwa pangaboi. Ikaanguka. Akasogea mbele, akajaribu tena, ikaanguka. Akaligonga kwa ngumi, akasikiliza.

"Hiki ni kitu gani, mama?"

"Pangaboi la upepo."

"Linauzwa wapi?"

"Hakuna anayenunua," nikamjibu mimi. "Nimeuliza hadi Katesh."

Alikinga maji kwa kiganja akanywa, akanawa uso, akashukuru, akapanda zake. Mama alimsindikiza kwa macho hadi alipopotea kwenye migomba, kisha akacheka hadi kisu kikamdondoka.

"Mwache aende," alisema. "Akawaambie na wenzake."